Preampli ya okazyo mbele ya Quad 405: kati ya hizi tatu, ipi?

Kamalondo45

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, natafuta preampli ya okazyo (iliyokwisha tumika; ndiyo yenye volimu na ya kuchagua chanzo cha sauti) ya kuweka mbele ya ampli yangu ya Quad 405, ile ya kwanza yenye tundu la DIN (la mviringo lenye pini), si 405-2. Nina CD ya kawaida inayotoa volti 2, na mashine ya santuri yenye kichwa cha MM (cha sumaku inayotikisika). Santuri zangu nyingi ni za mizunguko 45, rumba za miaka ya 60, na chache za mizunguko 78. Chumba ni mita 4 kwa 5.

Nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza ni Quad 44 ya 240 V, dola 280. Muuzaji anasema volimu "inakwaruza kidogo tu". Ya pili ni Yamaha C-2a, inang'aa kama imetoka kiwandani jana, dola 420, lakini nyuma imeandikwa 100 V. Muuzaji anaongeza transfo ya 220/110 bila malipo. Ya tatu ni preampli ya lampu kutoka Marekani, 120 V, jina la mbele limefutika, ndani lampu nne za ECC83, dola 250. Mfuko wangu ni dola 450, matengenezo yakiwemo.

Umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, mnaujua: jioni maltimita inasoma 185, usiku wa manane 245. Nichukue ipi, na nipime nini kabla ya kutoa pesa? Tafadhali msiniambie nitumie masikio. Kwa muuzaji jenereta inanguruma mlangoni, sikio halina kazi pale.

FundiKatuba

Mdogo wangu, anza na ampli uliyo nayo, jina la preampli litakuja lenyewe. 405 inataka volti 0.5 tu kufika wati zake 100, na impidansi yake ya kuingilia (ukinzani wake kwa mawimbi ya sauti) ni kilo-omu 20. Hizo namba mbili ndizo zitakuchagulia.

CD inatoa 2 V, ampli imeshiba kwa 0.5 V. Yaani hata bila preampli yoyote una ziada ya mara nne. Sasa weka katikati preampli inayokuza mara 10 (desibeli, dB, 20), jambo la kawaida kwa za zamani: ziada inafika mara 40, sawa na dB 32. Na hakuna anayesikiliza kwa wati 100 nyumbani. Chumba chako kinatosheka na wati 1, ambayo ni dB 20 chini yake. Kwa hiyo volimu itaishi dB 52 chini ya mwisho wake. Potensiometa ya logi (kipande kilicho nyuma ya kitufe cha volimu) ikiwa katikati kabisa iko karibu dB 20 chini. Ile dB 52 iko pale kitufe kinapoanza tu kuachana na sifuri, na pale njia mbili za kaboni hazifanani: upande mmoja unaweza kuzidi mwingine kwa dB 2 au 3. Mwimbaji anahama katikati, anakwenda kukaa kwenye bafle (spika) moja, halafu watu wanalaumu bafle.

Preampli za kabla ya 1982, mwaka CD ilipoingia sokoni, zilipangwa kwa redio na tepu za milivolti 100 hadi 300. Ndiyo maana nyingi zina ukuzaji mwingi kuliko unaohitaji leo. Hiyo si sababu ya kuzikataa, inatibika kwa rezistansi nne za senti chache.

Impidansi haitibiki kirahisi hivyo. Kanuni ya kazi: preampli iwe na impidansi ya kutolea isiyozidi sehemu moja ya kumi ya ile ya ampli. Kwa 405 maana yake ni kilo-omu 2 kushuka chini. ECC83 ikitoa sauti moja kwa moja kwenye anodi yake iko kwenye makumi ya kilo-omu. Ampli ya kilo-omu 20 inaikaba shingo, sauti inashuka na kuharibika. Ikiwa lampu ya mwisho imefungwa kutolea kwenye kathodi, unaweza kupona, lakini bado kuna kapasita ya kutokea. Uliza ni ya ngapi. Kwa kilo-omu 20, kapasita ya µF 0.47 inaanza kukata besi kwenye Hz 17, hakuna tatizo. Ya µF 0.1 inaanza kwenye Hz 80, na waya wa chini kabisa wa gitaa la besi uko Hz 41. Rumba bila besi ni nini sasa?

Hiyo ya lampu isiyo na jina, bila mchoro wake, mimi naiacha. Dola 250 ni bei ya kitendawili.

BobiniKampemba

Naongeza kuhusu ile Yamaha, kwa sababu "transfo ya bure" ndiyo itakayoiua.

Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka 100 V. Transfo ya 220/110 inatoa nusu ya chochote kinachoingia. SNEL ikiwa 220 unaipa 110, tayari asilimia 10 juu. Saa nane ya usiku, kwa 245 uliyopima, unaipa 122. Haitalipuka usiku wa kwanza. Regileta za ndani zitachoma ile ziada kama joto, kapasita zilizo karibu zitakauka, na baada ya miezi utasikia mvumo na kusema Yamaha ni mbovu. Kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata maisha ya kapasita ya elektroliti karibu nusu.

Ukiipenda Yamaha, suka transfo ya 220/100. Hapa Lubumbashi mafundi wanaosuka upya mota za pampu na za mashine za kusagia hawakosekani, kazi hii ni ndogo kwao. Mpe namba hizi: VA 100 inatosha na kubaki kwa preampli, chuma cha EI chenye moyo wa sentimita za mraba 10, mizunguko 4.5 kwa kila volti. Inakuwa mizunguko 990 upande wa 220 na 470 upande wa 100 (450 za hesabu, 20 za kufidia upotevu). Kwa kipimo hicho hata SNEL ikipanda 250 chuma hakijai, transfo haingurumi. Fundi akikuambia mizunguko 3 inatosha, anataka kubana waya. Usiku utaisikia ikilia.

Sisitiza pande mbili zisukwe mbalimbali, si waya mmoja wenye tawi katikati. Kwenye ile ya tawi, waya wa upande wa chini ukikatika, 220 yote inaingia kwenye mashine ya 100.

Na kwa yoyote utakayonunua: stabilizateri ya mota ndogo ndani, ile inayosikika ikizunguka taratibu, si ya rele. Ya rele inaruka kwa hatua, kila ruko ni "tak" kwenye bafle. VA 500 inatosha kwa preampli, CD na santuri. Ampli ipe yake kubwa au iache nje. Kama unatumia betri na konvetisa (ya kugeuza umeme wa betri kuwa wa prizi) wakati wa delestaji (mgao wa umeme), iwe ya wimbi safi. Zile za wimbi la ngazi zinafanya transfo ya preampli izomee. Transfo yoyote ya nje ikae nusu mita au zaidi kutoka kwenye mashine ya santuri, la sivyo kichwa cha MM kitaunasa uga wake wa sumaku na kukupa mvumo usio na dawa.

MamaSanturi_Ruashi

Wanangu mmesahau santuri, na yeye kasema nyingi ni 45 za miaka ya 60.

Kamalondo45, kabla ya yote tazama kama preampli ina kitufe cha mono. 45 nyingi za wakati ule ni mono. Sindano ya stereo inasoma pia mtikisiko wa juu na chini, ambao kwenye santuri ya mono ni vumbi na mikwaruzo tu. Ukiunganisha kushoto na kulia, huo mtikisiko unajifuta wenyewe kwa sehemu kubwa, wimbo unabaki. Tofauti yake kwenye 45 iliyochoka ni kubwa kuliko tofauti kati ya hizo preampli tatu. Kama kitufe hakipo, tengeneza kebo ya Y inayounganisha pande mbili za kichwa cha MM kabla ya preampli, halafu inagawanyika tena. Hapo ni salama. Usiunganishe hivyo matokeo mawili ya preampli au ya CD. Saketi mbili zitasukumana.

Kwa 78: mlango wa santuri wa preampli yoyote kati ya hizi unafuata mkondo wa RIAA (kanuni ya kusawazisha besi na sauti za juu), uliokubaliwa 1954. 78 zilizokatwa kabla ya hapo zilifuata mikondo mingine, kwa hiyo hazitakaa sawa hata upate preampli ya dola elfu tano. Ndiyo maana vitufe vya toni vina faida, na Quad 44 ina kile cha kuinamisha sauti yote upande wa besi au wa juu kidogo kidogo. Wanaojiona wataalamu wanavicheka vitufe vya toni. Waache na CD zao. Sindano nayo ni nyingine: ya LP ina ncha ya maikroni 18 hivi, ya 78 inataka karibu 70. Ile nyembamba inakwenda kukwangua sakafu ya mfereji, sauti yote inakuwa vumbi.

Jambo jingine la 44: milango yake ni kadi zinazochomoka. Hakikisha kadi ya santuri iliyomo ni ya MM. Kichwa cha MM kinatoa kama milivolti 4 na kinataka kilo-omu 47. Kadi ya MC (ya vichwa vya koili inayotikisika) inatarajia volti mara kumi chini ya hizo. Ukiiingizia MM itajaa na kupasua sauti.

Kuhusu ziada ya CD, njia rahisi ni kupunguza kwenye kebo ya CD, upande wa preampli: rezistansi ya kilo-omu 8.2 kwenye waya wa katikati, kisha kilo-omu 2.7 kutoka hapo kwenda ardhini. Inashusha dB 12, volti 2 inakuwa 0.5. Mbili kwa kila upande, za asilimia 1.

FundiKatuba

Mama, heshima yako, ila hapo kuna jambo. Ukipunguza kwenye mlango wa CD umeokoa potensiometa, sufle ya preampli yenyewe hujaigusa. Ile shhh inakwenda kwenye ampli nzima nzima. Punguza baada ya preampli: kilo-omu 4.7 mfululizo, 1.5 kwenda ardhini, ndani ya plagi ya upande wa ampli. Pamoja na zile 20 za 405 inashusha karibu dB 13, ampli sasa inataka 2.2 V badala ya 0.5, na sufle inashuka na kila kitu.

MamaSanturi_Ruashi

Na preampli inaona mzigo wa kilo-omu 6 badala ya 20. Yamaha itabeba. Ya lampu itakufa njaa. Na 44 ilipangwa na Quad wenyewe itoe 0.5 V kwa 405, sufle yake iko chini tayari. Kwake matatizo yako kwenye CD peke yake. Kwa hiyo swali ni amenunua ipi.

FundiKatuba

Hapo sina neno. 44: punguza kwenye CD. Yamaha: punguza kwenye ampli.

Sasa vipimo vya kwa muuzaji. Chukua maltimita, tochi, bisibisi, simu yenye kebo ya kwenda preampli, hedifoni yenye kiampli kidogo cha betri, plagi mbili za RCA zilizofungwa ndani (katikati na nje vimeunganishwa kwa lehemu) na adapta ya DIN. Kwenye DIN ya pini 5 kawaida pini 2 ni ardhi, 3 ni kushoto, 5 ni kulia, lakini thibitisha kwa maltimita maana kebo za kuunganisha tepu zinazivuruga.

Chukua pia balbu ya zamani ya waya, wati 40, ifunge mfululizo na prizi. Ya LED haifai. Preampli nzima inaiwasha kidogo kisha inafifia. Ikibaki inang'aa, ndani kuna shoti, na wewe hujachoma kitu cha mtu.

Kabla hata ya kuwasha, fungua kifuniko. Muuzaji akikataa, nenda nyumbani. Tafuta kapasita zilizovimba kichwa au zilizolowa miguu. Tafuta gundi iliyogeuka kahawia, hasa kwenye za Kijapani za miaka ya 70 na 80: ikizeeka inakula miguu ya vipande na kupitisha umeme pale isipotakiwa. Tafuta pia mende. Wanapenda joto la transfo, na kinyesi chao kinakula njia za shaba za bodi. Vumbi jekundu letu lenyewe halina shida likiwa kavu. Likishaonja mvua linakuwa matope yanayopitisha umeme kwenye swichi.

Washa, subiri dakika 10. Maltimita kwenye milivolti za DC, pima mlango wa kutolea, kushoto na kulia, volimu ikiwa chini kisha juu kabisa. Chini ya mV 20 ni njema. Ukiona zaidi ya 50, au namba inayotembea tembea bila kutulia, kuna kapasita inayovuja au transista inayokwenda. Zaidi ya 100 usiiunganishe na ampli yoyote.

Kisha ingiza zile plagi zilizofungwa kwenye mlango wa santuri, hedifoni kichwani, volimu juu. Sufle ya pande mbili ifanane. Upande mmoja ukikaanga kama mafuta ya mikate, ni transista ya kwanza, na transista za JFET za pacha za Kijapani za enzi hizo hazitengenezwi tena. Sokoni zimejaa bandia. Hiyo ndiyo hofu yangu kwa mashine yoyote ya aina hiyo, hata iwe nzuri vipi usoni.

Mvumo nao una maana mbili. Mnene na laini, Hz 50, unatoka kwenye ardhi zilizounganika mara mbili au kebo. Mara nyingi si kosa la mashine. Wenye makali, Hz 100, unatoka kwenye kapasita za kuchuja umeme. Kama sikio halitofautishi, programu ya simu ya kuonyesha marudio inatosha. Ila zima jenereta ya muuzaji kwanza, au omba dakika tano.

Zungusha kila swichi mara 30 kabla ya kuihukumu. Tikisa kila tundu la nyuma: likikatika sauti ni lehemu iliyopasuka, kazi ya dakika 10, ipunguzie bei tu.

Kamalondo45

Aksanti sana yaya, aksanti mama. Nimekwenda na balbu. Quad 44: mV 4 kushoto, 7 kulia, hazitembei. Kadi ya santuri ni ya MM. Sufle sawa pande zote, mvumo hakuna. Volimu inakwaruza, na haikuisha baada ya kuzungusha mara 30. Muuzaji alinyunyiza kopo la mafuta ya kulegeza nati, ikanyamaza dakika kadhaa kisha ikarudi. Ameshuka hadi dola 230. Yamaha alikataa kuifungua. Je, huo mkwaruzo ni potensiometa mbovu?

FundiKatuba

Yale mafuta asirudie. Yanaacha utando unaokamata vumbi na kulainisha njia ya kaboni. Utaosha kwa dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme.

Mkwaruzo unaorudi una sababu mbili, na zinatofautishwa kwa dakika moja. Mashine iwe imewaka, hakuna wimbo. Weka waya mweusi wa maltimita kwenye ardhi ya mlango wowote, mwekundu kwenye mguu wa katikati wa potensiometa, kwenye milivolti za DC, zungusha. Ikibaki kwenye sifuri au mV 1, ni uchafu au kaboni iliyolika: osha, na ikishindikana badilisha, pacha ya logi yenye omu zilezile zilizoandikwa mgongoni. Ikipanda kadiri unavyozungusha, mV 10, 30, basi potensiometa haina kosa. Kapasita iliyo kabla yake inavuja na kupitisha DC, na kila mguso wa kaboni unaigeuza kuwa kelele. Utaosha mpaka kesho haitaisha. Badilisha kapasita zote mbili, kushoto na kulia, µF ileile, volti sawa au zaidi, nyuzi 105. Ukiwa umeshafungua, badilisha na zile za kuchuja umeme, zimezeeka pamoja.

Dola 230 chukua. Kuwasha: preampli kwanza, ampli mwisho. Kuzima: ampli kwanza.

BobiniKampemba

Na kabla hujaunganisha, pima AC kati ya bati la preampli na bati la ampli, zote zimewaka, kebo za sauti hazijafungwa. Nyumba nyingi hapa prizi hazina waya wa tere (wa ardhini), mji wa shaba huo. Ukisoma volti makumi, geuza plagi ya pini mbili ya CD au ya santuri moja moja mpaka namba ishuke. Yenye pini ya tere usiikate: zika fimbo ya shaba ya mita 1.5 mahali penye unyevu, vuta waya wa mm² 6 mpaka kwenye prizi hiyo moja ya sauti, na mashine zote zichukue umeme hapo. Wakati wa mvua, radi ikianza kupiga, chomoa plagi. Stabilizateri haizuii radi.